Kuwaleta wazee Dar bila kufilisika

Mnaowaleta wazee Dar kutoka Dodoma au Morogoro, pandeni treni ya SGR, si basi: choo kimo humo humo, na foleni ya Kimara mnaikwepa. Kateni tiketi mapema, majina yafanane na vitambulisho, la sivyo ni usumbufu getini. Gesti za Kariakoo ni nafuu, ila daini vyumba vya chini. Lifti nyingine ni pambo tu. Mabasi ya mwendokasi kabla ya saa tatu asubuhi msithubutu, ni vita! Baada ya hapo shukeni Kivukoni: soko la samaki Feri, kisha pantoni ya Kigamboni, shilingi 200 kwa kichwa. Kwenda Makumbusho ya Taifa, wenye magoti mabovu wapande bajaji, watatu watatu. Dawa za presha zikae mkobani, si kwenye begi kubwa.