Rundo la samadi lililogoma kupata joto

Samadi ya ng'ombe ilikuwa chapachapa, inanuka, na rundo baridi kabisa. Mbegu za magugu zilibaki hai humo, zikaota matutani kabla ya mboga. Kilichokosekana ni hewa. Nililibomoa rundo lote, nikachanganya samadi na majani makavu na mabua yaliyokatwakatwa, kisha nikalifunika mvua isiingie. Joto likapanda hadi nyuzi 60 za Selsiasi. Kuanzia 55 hivi, likidumu siku kadhaa, mbegu nyingi za magugu hufa. Likipoa naligeuza, ya pembeni iingie katikati (hapo mgongo utalalamika). Naitandaza matutani ikishakuwa nyeusi, haina harufu, inapukutika mkononi. Magugu yapo bado, ila ni yale yanayoletwa na upepo.