Tiba ya saikodinamiki, usitegemee kupewa majibu

Watu wengi wanaingia tiba ya saikodinamiki, yaani tiba ya kuongea inayochimba hisia na mambo ya zamani yaliyojificha ndani yako, wakitegemea ushauri, fanya hiki acha kile, halafu wanakuta terapisti yuko kimya anasikiliza tu na wanaudhika. Ndo ilivyo jamani. Mnakaa kama dakika 50, mara nyingi mara moja kwa wiki, siku ileile saa ileile, na wewe ndo unaanza kuongea, chochote kinachokujia kichwani, hata ndoto, hata kile unachoona aibu kukisema.

Kinachonigusa mimi zaidi ni kwamba yale unayoishi nayo na watu wako huko nje utayaleta na kwa terapisti. Mfano umechelewa kidogo, unaomba msamaha mara tatu nne, una uhakika amekasirika, kumbe wala, anakuuliza tu taratibu, "nani alikuwa anakukasirikia hivyo?" na ghafla unajikuta unamuongelea baba yako. Sigmund Freud, yule daktari wa Austria aliyeanzisha tiba ya namna hii, aliliona hili zaidi ya miaka 100 iliyopita na mpaka leo ndo moyo wa kazi yenyewe.

Mwanzoni unaweza kujisikia vibaya zaidi, mwambie, usipotee kimyakimya. Wengine wanaenda miezi michache, wengine miaka, na kumaliza mnakupanga pamoja mapema maana kuagana nako kunaamsha mengi.