Nilipogonga vigae vya nyumba ya watu

Jumamosi, usiku

Leo asubuhi nilikuwa kwa mama mmoja ambaye sikuwahi kumwona kabla, nimepiga magoti bafuni kwake, nagonga vigae kwa sarafu. Alinitazama kidogo, kisha na yeye akachutama, akachukua sarafu yake. Kigae kilichoshika vizuri hutoa mlio mzito, mfupi. Chenye uwazi chini kinalia kama debe tupu. Tuligonga sakafu nzima na kuta hadi usawa wa kifua, tukapata viwili tu vibovu, vyote karibu na mlango. Bafu lile lina miaka minne.

Namba ya mama huyo nilipewa na mkandarasi ninayetaka kumpa kazi ya kukarabati bafu letu. Nilimwomba anionyeshe kazi aliyoimaliza miaka mitatu iliyopita au zaidi, maana kazi ya mwezi uliopita inapendeza hata kama imelipuliwa. Maji yanahitaji muda kutafuta njia. Lipu nayo inahitaji muda kuonyesha nyufa zake.

Haya nimeyajua kwa uchungu. Bafu letu lilikarabatiwa miaka miwili iliyopita. Nilichukua makadirio kwa watu watatu, nikachagua ya chini kabisa. Karatasi yake ilikuwa na mstari mmoja tu, "kukarabati bafu, kazi na vifaa", halafu jumla. Sikuona tatizo. Nikalipa nusu kabla hata nyundo haijashikwa, na iliyobaki nikaimalizia kazi ikiwa bado inaendelea, kwa sababu kila siku kulikuwa na kitu ambacho "hakikuwemo": kubeba kifusi, kubadilisha bomba, na kadhalika. Dawa ya kuzuia maji chini ya vigae haikutajwa na mtu, na mimi sikujua kuiuliza.

Baada ya miezi michache, rangi ya chumba cha mwanangu, upande wa pili wa ukuta, ilianza kuvimba malengelenge. Nilibonyeza moja kwa kidole, likatoa maji ya kahawia yakanichuruzika hadi kiganjani. Kitanda chake kilikuwa kimeegemea hapo hapo. Nilimpigia fundi simu siku nyingi, hakupokea. Hatukuandikiana chochote, wala sikuwa na senti yake niliyoibakiza ya kumrudisha.

Safari hii orodha nimeiandika mimi: kubomoa, kuondoa kifusi, mabomba, dawa ya kuzuia maji, vigae, rangi ya chumba cha pili. Wote watatu wamepewa karatasi ile ile, kila mmoja akajaza bei mstari kwa mstari. Hapo ndipo unaona nani amepunguza wapi. Aliyekuwa chini sana hakujaza kabisa mstari wa dawa.

Kila mmoja nilimuuliza kama atakubali, kabla ya kupanga vigae, kuziba tundu la kutolea maji, kujaza maji sakafuni, kuweka alama ya penseli ukutani na kuyaacha saa 24, tuone kama yatashuka. Mmoja alisema kwake hajawahi kulalamikiwa, haina haja. Huyu wa leo alisema, "Dada, hiyo nafanya hata usiponiambia. Ila asubuhi yake uwepo, uione mwenyewe hiyo alama."

Jibu zuri, lakini maneno nilishayasikia mengi. Kwa hiyo yule mama sikumuuliza kama kazi ilikuwa nzuri. Nilimuuliza siku kitu kilipoharibika, jamaa alifanyaje. Akaniambia mwezi wa saba kiungo cha bomba kilivuja ndani ya ukuta. Mkandarasi alikuja siku ya pili, akavunja vigae vitatu, akavirudishia bila kudai hela. Mama akanionyesha mahali penyewe. Ukitazama kwa makini unaona saruji ya katikati ya vigae imepishana rangi kidogo.

Kutoka pale nilipita kwenye nyumba anayojenga mkandarasi huyo sasa, yeye hayupo. Kijana mmoja alikuwa peke yake, anamwagia maji magunia yaliyofunika zege la jana. Zege hukomaa kwa unyevu. Siku ya saba linakuwa limepata kama theluthi mbili ya nguvu ambayo hupimwa siku ya 28, na likiachwa likauke mapema linabaki dhaifu. Kijana hakuwa na mtu wa kumsimamia, lakini alirudi kwenye pipa mara nne nikiwa nimesimama pale. Nilifurahi sana kumwona.

Mkataba tumeshausoma pamoja. Malipo ni kwa hatua, baada ya kila hatua kukaguliwa, na asilimia 10 inabaki kwangu miezi sita. Ameomba kuongeza kifungu kimoja: vigae na mabomba yote niwe nimeyachagua kabla hajaanza, nisije nikamsimamisha katikati. Ni haki yake, nimekubali. Jina la msimamizi atakayekuwepo kila siku nalo limeandikwa.

Jumatatu wanaanza kubomoa. Kitanda cha mwanangu bado kiko sebuleni, na leo ameniuliza tena kitarudi lini.