Mkebe wa biskuti umenisimamisha mkutanoni

Jamani, mikono bado inatetemeka kidogo.

Mnaijua nyumba yangu hapa Arua, Uganda. Kadi ya chanjo ya mtoto chini ya godoro, kitambulisho cha taifa ndani ya kopo la sukari (msicheke).

Wiki iliyopita nikachoka. Nikachukua mkebe mtupu wa biskuti, karatasi zote nikazitia humo. Ukutani nikatundika kalenda: siku ya kulipa ada ya shule, siku ya mkutano wa LC1, yaani baraza la kijiji. Basi, hivyo tu.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mkutano. Kwa kawaida nafika watu wameshatawanyika.

Ikazuka hoja ya mtaro. Mwaka jana tulichanga shilingi 5,000 kila nyumba, na maji bado yanaingia jikoni kwangu. Tukaambiwa eti waliolipa ni wachache.

Kimya. Watu wanatazama ndala zao.

Nikafungua mkoba. Risiti ya mchango ile pale, kutoka kwenye mkebe, ina doa la mafuta ya mandazi pembeni, lakini mhuri unasomeka. Mwenyekiti akaiinua juu, akaigeuza, akaisoma tena.

Tangu 2018, tulipopiga kura ya LC1 kwa kupanga mstari nyuma ya wagombea, sijawahi kufungua mdomo chini ya mwembe ule wa mikutano. Leo nimesema, sauti inakwaruza kama redio mbovu.

Majirani watatu wakakimbia nyumbani kutafuta risiti zao. Akarudi nayo mmoja!

Sasa wamenitia kwenye kamati ya mtaro. Haya, ninyi karatasi zenu mnaziweka wapi? Semeni ukweli.