Matema na kurudi siku hiyo hiyo, peke yangu

Kila niliyemuuliza hapa Mbeya kuhusu Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, alinijibu kwamba haiendeki kwa siku moja, na kwa mwanamke peke yake ndiyo kabisa. Kodi gari. Tafuteni watu kumi mchange. Lala Kyela. Subiri Pasaka, kanisani watakodi Coaster. Wengine walisema njia ya kutoka Ipinda ni tope tupu, nitakwama hadi Jumatatu. Hao wa tope ndio walionikera zaidi, maana barabara inayochepuka Kikusya, kabla ya kufika Kyela mjini, kupita Ipinda hadi Matema, kilomita kama 39, ina lami miaka kadhaa sasa. Mtu hajashuka kule tangu enzi za kusukuma gari, lakini ushauri anao.

Watu kumi sikuwataka. Mimi ni fundi cherehani Mwanjelwa. Kuanzia nifungue mlango mpaka nifunge, jina langu linaitwa: gauni la send-off, sare za wanafunzi, zipu imekatika, fundi uko wapi. Nilitaka siku moja niwe mahali ambapo hakuna anayenijua, nikae kando ya maji, nisijibu simu. Na nilitaka usiku nilale kwangu, kwa sababu Jumapili nina watoto wa kuwaandaa.

Mara ya kwanza nilimfuata jirani yangu mmoja aliyeongea kwa uhakika kabisa. Alisema nipande gari la Kyela, nishuke stendi ya mjini, magari ya Matema yapo kila saa, wala nisijisumbue kuamka usiku. Nikaondoka asubuhi kumeshakucha. Uyole tukasimama kujaza. Kiwira tukasimama tena. Tukuyu ikapakiwa mikungu ya ndizi hadi kwenye miguu ya abiria. Tunaingia Kyela mjini jua liko utosini. Wapiga debe wakanizunguka: "Matema hii hapa dada, ingia, tunaondoka!" Nikaingia kwenye Noah. Wakati nimekaa mle, dereva aliwasha injini, akaisogeza hatua chache, akairudisha palepale, na kila ikisogea konda anapiga kelele kwamba tumeondoka. Mama aliyekaa pembeni yangu na kapu la sabuni akaniambia taratibu kwamba watu wa Matema huwa wanaingia asubuhi, mchana huu ni wa kubahatisha. Tulipokuja kuondoka kweli, gari likaishia Ipinda. Konda akasema abiria wa Matema nimebaki peke yangu, hailipi. Alinirudishia sehemu ya nauli baada ya yule mama kumpandishia sauti. Bodaboda wangenifikisha, lakini nani angenirudisha? Nikanunua mchele wa Kyela, nikapanda gari la kurudi. Ziwa sikuliona hata kwa mbali. Jirani nilipomweleza, akasema hata yeye hajawahi kufika, alisimuliwa na shemeji yake.

Aliyenisaidia ni mama mmoja anayeuza vyungu sokoni. Vile vyungu vyepesi, vyekundu, vyenye mapambo meupe, ambavyo ukipita Uyole unaviona vimepangwa, vinatoka kule kule. Vinafinyangwa na wanawake wa Kikisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, na soko lake liko Lyulilo, pua na mdomo na Matema, kila Jumamosi. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu.

"Unakwenda kununua?" akauliza.

"Hapana mama, nakwenda kuona ziwa na kukaa tu."

"Nunua hata viwili. Mwenye mzigo haachwi."

Hilo ndilo lililofanya safari yangu iwezekane. Jumamosi magari yanashuka kwa ajili ya vyungu na samaki, na ni lazima yapande tena siku hiyo hiyo. Siku nyingine unategemea bahati.

Basi Jumamosi saa kumi na moja alfajiri nilikuwa stendi ya Nanenane kwenye gari la kwanza. Sweta, kitenge, chupa ya maji, ndizi za kuchemsha, chenji ndogo ndogo. Sweta usiliache hata ukiambiwa Kyela ni joto. Ni kweli Kyela ni joto, ziwa liko mita kama 475 tu kutoka usawa wa bahari, lakini kabla ya hapo unapita Isongole, na Isongole alfajiri ya mwezi wa saba vidole vinakufa ganzi. Nilimwambia konda mapema kwamba nashuka Kikusya, na nikarudia tulipopita Tukuyu. Ukipitilizwa hadi Kyela mjini umerudi kwenye hadithi ya Noah. Kikusya nilikuta watu wa sokoni wanasubiri, gari likaja limejaa, tukabanana. Nauli zote za kwenda hazikufika elfu ishirini.

Milima ya Livingstone unaiona tangu Ipinda. Halafu ghafla ziwa linafunguka mbele yako na milima imesimama upande wa kushoto, imeingia majini bila kuacha nafasi hata ya shamba. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Kijana niliyekaa naye akacheka, akasema kila mgeni hufanya hivyo.

Kila mtu akishuka hukimbilia mchangani. Mimi nilikwenda moja kwa moja Lyulilo kutafuta gari la kurudi. Niliwaendea wanawake waliokuwa wanafunga vyungu kwa majani makavu, nikaamkia kwa Kinyakyusa, "Mugonile," na hilo peke yake lilinipunguzia bei ya vitu vingi siku ile. Nikampata mama wa makamo anayepeleka mzigo Uyole kwa Canter. Dereva nilipomuuliza muda wa kuondoka akasema saa kumi. Mama akasema saa tisa na nusu. Nikawafuata vijana wanaopakia, wakasema wao saa tisa wanakuwa wamemaliza. Nikashika la vijana, kwa sababu gari linaondoka mzigo ukikamilika, na anayeujua mzigo ni anayeubeba. Nikanunua vyungu vyangu, cha ugali na vya mboga, vikawekwa pamoja na vya yule mama, tukapeana namba za simu. Nauli tulielewana, elfu kumi na kidogo hivi, nilipe tukifika.

Tangu hapo sikuwa na wasiwasi hata chembe.

Mchanga wa Matema ni mzuri, lakini Jumamosi una watu, watoto wanacheza mpira, muziki unapigwa. Mimi nilitaka Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kilichojificha kwenye rasi, ng'ambo kidogo. Kuna njia ya miguu, ila jua lilikuwa limeshapanda, nikachukua mtumbwi. Vijana wenye mitumbwi walinitajia bei ya mtalii. Nikamtafuta mzee. Tukakubaliana bei ya kwenda na kurudi, na pesa yote mkononi mwake tukirudi, si kabla. Sijui kuogelea sana, kwa hiyo nilimwomba mama lishe aniazime dumu tupu la lita ishirini, nikakaza kifuniko, nikalifunga kwa kamba pembeni yangu ndani ya mtumbwi. Mtumbwi ukipinduka, dumu tupu linakubeba. Vijana walicheka. Mzee hakucheka, alilivuta dumu kupima fundo, akasema, "Huyu dada anataka kurudi kwao."

Nenda asubuhi. Mchana upepo ukigeuka mawimbi ya Nyasa hayana masihara, na mzee mwenyewe alinipa muda wa mwisho wa kuondoka Ikombe. Alinionyesha pia mahali ambapo jiwe linakatika na maji yanageuka kuwa meusi. Ziwa hili lina kina cha mita kama 700, kwa Afrika ni la pili baada ya Tanganyika, na pale unaelewa kwamba mlima haujaishia juu ya maji.

Ikombe nilimwamkia kila niliyekutana naye, nikaomba ruhusa ya kukaa. Walioniambia nivae pete na nijifanye mume wangu yuko nyuma walinipotezea muda. Bibi mmoja aliniuliza nimekuja na nani, nikasema peke yangu, nimekuja kuona ziwa. Akasema karibu, akaendelea na chungu chake. Nilimtazama muda mrefu. Alikuwa anakizungusha taratibu kwa mkono mmoja, mwingine unapandisha ukuta, kisha akachukua kokoto laini akaanza kusugua hadi udongo ukang'aa. Mimi ninaishi kwa mikono, najua kazi ya mtu anayejua. Ukingo wa kile chungu ulitoka sawasawa bila rula wala kipimo, na mimi kola ya shati naipima mara mbili.

Baadaye nilipata mahali penye mawe, mbali kidogo na nyumba, kivuli kipo, nikazima simu. Maji yalikuwa maangavu, unaona samaki wadogo wa bluu wanachungulia kati ya mawe. Ziwa hili lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana popote pengine. Nilioga, nikalala, nikaamka, nikaoga tena. Hakuna aliyeniita fundi. Nililia kidogo, kwa raha tu.

Kuoga, chagua penye mawe na mawimbi. Penye matete na maji yaliyotulia kuna konokono wa kichocho, na karibu na midomo ya mito, kama Lufilyo, kuna mamba. Ukisharudi, baada ya wiki kadhaa nenda kapime kichocho, dawa yake ipo.

Lyulilo nilirudi mapema, nikala wali wa Kyela na mbasa wa kukaanga, nikarudisha dumu. Vijana walikuwa wanakaza kamba za mwisho. Saa kumi aliyosema dereva ilitukuta tumeshaiacha Ipinda nyuma. Nilikaa mbele na mama mwenye vyungu, akanifundisha kukitayarisha chungu kipya kwa maji na uji kabla ya kukibandika motoni. Tukuyu ukungu, sweta likavaliwa. Nyumbani nilifika watoto hawajalala.

Kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi ndiyo wakati wake. Mwezi wa tatu mpaka wa tano Kyela mvua inafurika, usijaribu. Na ninyi wa Iringa na Njombe mnaoniuliza, hesabu hii haiwatoshi. Shukeni Ijumaa mlale Tukuyu, alfajiri mpande gari la kwanza hapo, mshuke Kikusya.