Huzuni isiyo na turubai

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, aliyefiwa hahitaji kumweleza mtu anavyojisikia. Kabla jua halijazama, turubai limeshafungwa, viti vya kukodi vimepangwa, kina mama wamejifunga kanga na kuketi mikekani, na mzee mmoja ameshika daftari la rambirambi. Usiku ndugu na majirani hulala papo hapo msibani, na daima hupatikana shangazi wa kumbembeleza mfiwa anywe uji, hata kama koo limekataa. Naamini kwa dhati kwamba utaratibu huu umeokoa akili za watu wengi, kwa kuwa unamruhusu mtu kulia hadharani, unampumzisha na kazi za nyumbani, na kuanzia matanga hadi arobaini unamrudisha taratibu katika maisha yake.

Lakini utamaduni huo huo humtupa mkono yule ambaye huzuni yake haina maiti. Mwenye sonona, anayeshindwa hata kuinuka kitandani akaoge, huambiwa ajikaze, azidishe sala, aache kuwaza sana; na akiwa mwanamume, hukumbushwa pia kwamba mwanamume halii. Sheria nazo zilibeba mtazamo huo. Nchini Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji wa kufungwa hadi miaka 2, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua, Januari 2025, kwamba kinakiuka Katiba. Mtu aliyestahili kuzungukwa na ndugu zake alikuwa akisubiriwa na polisi.

Ndiyo maana naithamini sana kazi aliyoianzisha daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 huko Mbare, mjini Harare, akiwa na bibi 14 wanaoheshimika mtaani. Bibi huketi na mgeni wake kwenye benchi nje ya zahanati, humsikiliza, kisha humsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache zaidi za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Bibi wa namna hiyo tunao, na kukesha na mwenye uchungu bila kumharakisha wanakujua tangu zamani. Wanachokosa ni mafunzo, pamoja na kituo cha afya kilicho karibu cha kumpokea yule ambaye hali yake imewazidi uwezo.