Sakafu Iliyonirudishia Kifua

Mwaka jana nilikuwa nalala benchini nanyanyua kilo 80 mara sita, na asubuhi yake siwezi kuingiza mkono wa kulia kwenye shati bila kuuma meno. Maumivu yalikaa mbele ya bega. Nikilalia upande huo usiku, naamka. Nilivumilia miezi mitatu, na ile miezi mitatu ndiyo ninayoijutia zaidi.

Jimu yetu hapa Busia ni ua ulioezekwa bati. Vyuma vingi tumevinunua Katwe, Kampala, kwa mafundi wa kuchomelea. Vingine ni madebe ya rangi yaliyojazwa simenti. Wenzangu waliniambia, "Kaka, chua dawa, endelea." Nikachua, nikaendelea, bega likazidi.

Hatimaye nilikwenda kwa mtaalamu wa viungo, mama mtu mzima. Hakuuliza nanyanyua kilo ngapi. Alinipa mpini wa ufagio, akasema, "Mwanangu, lala hapo unioneshe unavyofanya." Nikashusha mpini kifuani. Akanizuia, akashika viwiko vyangu vilivyotanuka kama msalaba. Akanieleza kwamba misuli minne midogo ndiyo inayoshikilia kichwa cha mfupa wa mkono kwenye kikombe chake, na kano ya mmojawapo inapita chini ya ncha ya mfupa wa bega. Ukitanua viwiko hivyo ukashuka navyo mpaka nyuma ya mwili, na uzito uko juu, sehemu ya mbele ya bega inavutwa sana na kano inaweza kubanwa. Akavirudisha viwiko karibu na mbavu, kama nyuzi 45. Nikashusha tena. Maumivu yalipungua palepale, na mimi nilikuwa nimeshaamini kwamba kifua ndiyo basi.

Wiki tatu sikugusa baa, yaani ule mtaimbo wa kunyanyulia uzito. Nilifunga tyubu kuukuu ya baiskeli kwenye nondo za dirisha, nikabana kitambaa kati ya kiwiko na ubavu, nikawa nazungusha mkono kwenda nje polepole, mara 15 kila seti. Halafu nikahamia sakafuni.

Natandika mkeka, nalala chali, nakunja magoti. Nashika dambeli mbili, viganja vikitazamana. Nashusha nikihesabu hadi tatu mpaka mikono iguse mkeka, natulia kidogo, nasukuma. Uzuri wa sakafu ni kwamba kiwiko hakiwezi kuvuka mwili hata ukijisahau. Nilianza na kilo 8 kila mkono. Vijana walitazama, lakini nilikuwa nasikia kifua kinafanya kazi na bega limenyamaza, na kwangu hilo lilitosha. Baada ya miezi miwili nilifika kilo 20.

Zoezi la pili nalipenda karibu sawa na hilo. Ncha moja ya baa naiegemeza kwenye kona ya ukuta, nimeweka gunia ili plasta isibomoke. Napiga goti moja, nashika ncha ya pili mbele ya bega, nasukuma kwenda juu na mbele. Mkono haupandi wima kabisa, ndiyo maana bega langu linalikubali. Pushapu nazo nimezirudisha, juu ya vishikio vya chuma ili viganja vitazamane. Benchi hubana mabapa ya bega, ile mifupa mipana ya mgongoni; kwenye pushapu yanatembea yanavyotaka. Kujishusha kati ya vyuma viwili sambamba nimeacha kabisa, na sina mpango wa kurudi.

Na kuvuta. Kila seti ya kusukuma naifuatisha na mbili za kuvuta dambeli kuelekea kiunoni. Zamani nilikuwa nasukuma tu, kwa sababu kifua ndicho kinachoonekana kwenye kioo.

Ila kama umeanguka na mkono ukapoteza nguvu, au hauinuki kabisa, haya si yako bado. Nenda ukapimwe kwanza.

Baa ya benchini niliirudia mwezi wa sita, mwenzangu akishikilia kipande kinene cha mbao juu ya kifua changu ili isishuke hadi mwisho. Jumamosi iliyopita nilisukuma kilo 60 mara nane hivyohivyo. Usiku nikalalia upande wa kulia hadi adhana ya alfajiri.